Watu wa Mchangani na hesabu ya upande mmoja

Tangu Ramadhani barza yetu ya Michenzani haijatulia. Kisa ni mpwa wangu, aliyeamua kutuonyesha Star Wars yote, zile hadithi za vita vya angani, kwenye kompyuta yake baada ya tarawehe, kuanzia filamu ya 1977 mpaka tamthilia za juzijuzi. Wazee walianza kwa kucheka, wakaishia kugombana. Na ugomvi wenyewe haukuwa juu ya Darth Vader wala panga za mwanga. Ulikuwa juu ya wale wenyeji wa sayari ya Tatooine, waliojifunga matambara uso mzima, wanaotembea na marungu jangwani: Watusken. Walowezi wamewapa jina la dharau, na mpwa wangu akalitafsiri bila kufikiri, "Watu wa Mchangani". Barza iliangua kicheko. Mmoja wetu kazaliwa mtaa wa Mchangani, na mpaka leo hajaachwa apumue.

Swali lililobaki baada ya kicheko ni hili: hawa ni majambazi, au ni wenye nchi waliosukumwa mpaka wakaota meno?

Upande wa walowezi una ushahidi mzito, na mzee mmoja wa pale barzani, mvuvi wa zamani, aliushika kwa mikono miwili. Ushahidi uko katika filamu ya 2002. Shmi, mamake Anakin, kijana atakayekuja kuwa Darth Vader, alitoka alfajiri kama kawaida yake kwenda kuchuma uyoga unaoota kwenye mitambo ya kuvuna unyevu hewani. Watusken wakamchukua. Mumewe, Cliegg Lars, anasimulia kwamba walitoka watu 30 kumfuata, wakarudi wanne, na yeye mwenyewe mguu ukaenda. Baada ya mwezi mzima Anakin anamkuta mamake kambini, kafungwa kwenye miti, kapigwa, na anamfia mikononi. Filamu haituambii walimtakia nini. Cliegg anasema viumbe hawa wanatembea kama watu, lakini ni mazimwi yasiyo na akili.

"Mtu aliyechukuliwa mamake," alisema yule mzee, "humwambii habari ya nani kafika mwanzo."

Hili sina la kulipunguza. Tena walowezi wenyewe si mabwana wa mashamba. Ni mafukara wanaokamua hewa kavu kupata vikombe vya maji, na Luke, kijana wa filamu ya 1977 aliyelelewa nao, alinyimwa ruhusa ya kuondoka nyumbani kwa sababu mikono yake inahitajika wakati wa mavuno. Anayewafananisha na wakoloni wenye helmeti nyeupe hajaitazama ile nyumba ya shimoni wanayoishi. (Nyumba ya kweli, kwa taarifa, ni hoteli ya Matmata, Tunisia, iliyochimbwa ardhini na Waberberi.)

Lakini ile 30 na ile nne ndizo zilizoninyima usingizi. 26 hawakurudi. Tunaijua idadi mpaka mtu wa mwisho, na tunaijua kwa sababu walikuwa na mtu wa kuwahesabu, ameketi mezani, mguu mmoja, anasema na wageni wake. Haya, usiku uleule Anakin anatoka hemani na upanga wake. Tunaona walinzi wawili wakianguka, kisha picha inahama, tunapelekwa kwa Yoda, mwalimu mkongwe, anayeyahisi maumivu kutoka mbali. Anaporudi Anakin anamkiria Padmé, mpenzi wake, kwamba kawaua wote, si wanaume peke yao, na wanawake na watoto vilevile. Wote. Wangapi? Hakuna anayeuliza. Padmé haulizi. Wala Cliegg, mtu wa hesabu, haulizi. Na filamu hiyohiyo haijaisha, Padmé anaolewa na muuaji kando ya ziwa, harusi nzuri, muziki unapanda. Nilimuuliza mpwa wangu kama mbele huko kuna mtu atakayehukumiwa kwa kambi ile. Akatafuta katika kumbukumbu zake, na huyu ni kijana anayejua majina ya vyombo vyote vya angani, akasema, "Hakuna, mjomba."

Mzanzibari hawezi kulisikia hilo neno "wote" bila kukumbuka kitu. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kuipiga kasri alimokuwamo Sayyid Khalid bin Barghash, na haikutimia saa moja bendera ikawa chini. Kila mtu anajua habari hii, watembezaji wa watalii wanaisimulia Forodhani kama kichekesho: vita vifupi kuliko vyote duniani. Mimi huangalia hesabu yake. Kwa upande wa Waingereza, baharia mmoja kajeruhiwa. Mmoja, na tunajua kwamba alipona. Kwa upande wa kasri ni "kama 500", waliokufa na waliojeruhiwa wametiwa katika furushi moja. Hilo "kama" ndilo linalonikera. Mmoja hana "kama". Ukiona idadi ya upande mmoja imekamilika mpaka kwenye kidonda, na ya upande wa pili imeviringana vizuri na mwishoni ina sufuri mbili, unajua daftari lilikuwa mikononi mwa nani.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akitaja 30 na nne kama mzani uliokwisha kupimwa, namwambia asubiri, sahani ya pili bado tupu. Si kwamba ni nyepesi. Hakuna aliyeweka kitu.

Na si huruma tupu hii. Filamu ya kwanza kabisa, ile ya 1977, ina ushahidi ambao watu huupita mbio. Luke na Obi-Wan, mpiganaji mzee anayemwongoza, wanakuta wale wachuuzi wadogo wa vyuma, Jawa, wameuawa, na kila kitu kimepangwa ionekane kazi ya Watusken. Obi-Wan anatazama nyayo na kukataa: Watusken hupanda wanyama wao kwa mstari mmoja mmoja ili kuficha idadi yao, na hizi nyayo ziko sambamba. Waliofanya ni askari wa dola. Yaani mara ya kwanza tunapoona mauaji makubwa Tatooine, mwenyeji kasingiziwa. Watusken wanaficha hata idadi ya walio hai. Nani angewahesabu wafu wao?

Tena hawakupewa mdomo. Sauti zao katika filamu ile, ule mlio unaotisha bondeni, zilitengenezwa na fundi wa sauti Ben Burtt kutokana na punda waliorekodiwa Tunisia. Punda! Hapa kwetu punda anabeba mchanga na matofali na hakuna anayemuuliza lolote, na hivyo ndivyo Watusken walivyokaa zaidi ya miaka 40: wanalia, hawasemi. Mabadiliko yalikuja 2019, katika tamthilia ya The Mandalorian, alipotafutwa Troy Kotsur, mwigizaji kiziwi, awatungie lugha ya ishara. Uso umefunikwa, macho ni vioo, kila kitu lazima kibebwe na mikono. Ghafla wana neno la kusema. Na mara wakaanza kusema habari ya maji.

Sehemu moja ya tamthilia hiyo, ya 2020, niliitazama mara mbili. Kamanda wa kijiji cha walowezi anaketi na Watusken motoni, kwa sababu kuna joka linalowala wote. Anapewa kinywaji kutoka katika tunda jeusi la jangwani, ananusa, anakataa. Mtusken mmoja anafoka kwa mikono, na mkalimani anafasiri: mnatuibia maji, kisha mnatutukana kwa kukataa kuyanywa. Anaongeza kwamba wanajua idadi ya wenzao waliouawa na kijiji kile. Hapo mpwa wangu alisimamisha picha, maana nilipiga paja. Kumbe wanalo daftari! Ila hatutajiwi idadi.

Kuhusu kinywaji, barza nzima ilikuwa upande wa Watusken. Hata yule mzee. Kukisukuma kikombe cha mwenyeji wako mbele ya watu wake si jambo dogo.

Kuhusu maji, mimi ni mtu wa Jambiani, na sitajifanya sina kidonda. Pwani ya mashariki ni jiwe la matumbawe. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari chini ya ardhi, na ukivuta kwa nguvu chumvi inapanda. Kisima cha bibi yangu kilichimbwa kwa mkono, kamba ya kumbi, ndoo moja. Hoteli moja ya jirani ilipotia pampu yake, hatukuona mtu kuja na bunduki. Tuliona chai imebadilika. Bibi alionja, akatema, akaonja tena, akasema kikombe hakikuoshwa vizuri. Alikiosha kikombe kile siku tatu. Sasa hoteli ile ilikuwa na wafanyakazi, wengine ni ndugu zangu, nao wana watoto wa kulisha kama Cliegg. Dhuluma ya maji ndivyo ilivyo, haina zimwi. Lakini wa kwanza kuvunja kioo ndiye atakayeandikwa.

Walowezi wa Tatooine wanavuna hewa, si kisima, nakubali mfano wangu hautoshi kila upande. Ila kwa watu ambao, kwa maelezo yao wenyewe, wapo pale tangu bahari za sayari hiyo zilipokauka, kila tone lenye kufungiwa ndani ya uzio ni tone lililohama.

Wapo wanaosema tamthilia hizi za karibuni zimewasafisha Watusken kupita kiasi, zimegeuza kitisho kuwa mafunzo ya adabu. Mimi nina lalamiko la kinyume. Katika The Book of Boba Fett, iliyoanza mwishoni mwa 2021, tunakaa nao kambini, tunaona treni ya wafanya magendo ikipita na kuwamiminia risasi kama wanavyopigwa ndege, tunaona wanavyocheza ngoma motoni, na Temuera Morrison, Mmaori anayemwigiza Boba Fett, kaitia desturi ya kwao ndani yake. Tunawapenda. Kisha Boba Fett anaondoka kwenda kudai ushuru wao mjini, anarudi, kambi nzima imechomwa, na waliochoma wameacha alama za genge jingine ili lawama ziende huko. Uleule usingiziaji wa 1977. Wanakufa ili mgeni apate huzuni ya kumfanya shujaa. Na wangapi? Moshi, mahema, miili kadhaa.

Nilipolisema hili barzani yule mzee alinyamaza, akamiminiwa kikombe cha pili, akasema 26 ni 26. Kweli. Mpwa wangu alikuwa amesharudi kwenye filamu ya 2002, pale Anakin anapoitazama kambi kutoka juu ya jabali usiku, anajaribu kuhesabu mahema ili akisie watu. Alihesabu mara mbili, akapata jawabu mbili. Kiza, alisema. Akasogeza kompyuta karibu na taa, akaanza tena.