Paipu ya breki imetoboka: kuunga kipande au kutoa yote?

Kwenye zege la maegesho palikuwa na doa la ukubwa wa sahani, chini ya mlango wa nyuma kushoto. Nililigusa kwa kidole. Lilikuwa linateleza, halina harufu ya petroli wala weusi wa oili ya injini. Jioni ya jana yake pedali ilikuwa imezama chini ya mguu wangu kwenye taa za Mwenge. Nikapampu mara mbili tatu, gari likasimama karibu kabisa na bampa ya daladala. Ni Corolla 110, imevuka miaka ishirini, na kwa muda mrefu imelala Kigamboni, upepo wa bahari ukiipuliza usiku kucha.

Fundi wa kwanza aliingia chini akatoka na jibu: "Hapa tunaunga, bosi. Kipande cha futi moja tu, saa moja umeondoka." Wa pili akasema paipu yote itoke, kutoka mbele hadi nyuma, na mwenzake wa upande wa pili atoke pia. Bei ya pili ilikuwa karibu mara nne ya ile ya kwanza. Nilikuwa tayari kumwona mmoja mvivu au mwingine mwizi, lakini nilipowasikiliza vizuri niliona kila mmoja ana hoja.

Tuanze na kile wasichobishania. Ukikanyaga breki kwa nguvu, mafuta ndani ya paipu hupata presha ya bar 100 na zaidi, wakati bomba la maji nyumbani hubeba bar 3 au 4. Kwa hiyo mpira na klempu si matengenezo, na ile yunioni (kiungo cha paipu mbili) ya kubana kwa pete wanayotumia mafundi bomba haina kazi hapa. Kuna na uchawi mwingine wa njiani: kuikunja paipu iliyotoboka na kuigonga nyundo, au kuiziba kwa boliti, ili gari libaki na breki kwenye matairi mengine. Kwenye magari mengi yanayovuta kwa mbele mfumo umegawanywa kwa mshazari, yaani nyuma kushoto iko njia moja na mbele kulia. Uvujaji wa nyuma unapomaliza mafuta ya njia hiyo, unaondoka na breki ya mbele pia. Kuziba kunairudisha ile ya mbele na kuliacha tairi moja la nyuma bila kitu. Nimewahi kupanda gari la namna hiyo siku ya mvua. Sirudii.

Sasa hoja ya kuunga. Kuunga kunakofanywa vizuri ni kazi halali kabisa. Unakata sehemu mbovu, unasafisha mdomo wa paipu kwa tupa, unaingiza nati, kisha unapanua mdomo kwa kuukunja mara mbili, kile mafundi wanachoita flea ya dabo. (Nati kwanza, flea baadaye. Kila fundi amewahi kusahau mara moja, akatukana, akakata tena.) Yunioni ya chuma inazibana flea mbili uso kwa uso. Gari la Kijapani linataka flea hii ya dabo, ilhali mengi ya Ulaya yana ile ya duara kama kiputo. Ukichanganya, patavuja hata ukaze mpaka spana ilie. Flea ya mkunjo mmoja hupasuka mdomo. Lakini jointi iliyofanyika sawasawa haina udhaifu wa kuzungumzia.

Hoja nzito zaidi ya fundi wa kwanza ilikuwa nati. Nati ya paipu ya breki ni ya spana namba 10, ndogo, na ikikaa miaka ishirini karibu na tairi inashikana na paipu yake na silinda yake, ile inayosukuma breki za tairi, mpaka zinakuwa kitu kimoja. Spana ya kawaida inazungusha kona zake. Spana ya paipu, ile yenye mdomo unaoizingira nati karibu yote, inasaidia kama nati bado ina kona. Isipotoka, paipu inajisokota inakatika. Sasa unahitaji na mpira wa breki, ile hosi laini inayopeleka mafuta kwenye tairi. Nipeli ya kutolea upepo nayo inakatikia ndani, basi unahitaji na silinda. Umeingia gereji na tundu moja, unatoka na orodha ya spea za Shaurimoyo. Anayeunga katikati ya gari hazigusi nati hizo. Kwa mwenye gari la kuhangaikia riziki, hiyo si hoja ya uvivu.

Ila hoja hiyo inadhani kwamba tatizo ni lile tundu. Kama paipu ilisagwa na jeki iliyowekwa vibaya, au ilikuwa inasuguana na bomba la ekzosi, basi ni kweli, tatizo ni tundu. Chuma cha kushoto na kulia kwake ni kizima, na ningeunga bila kusita. Kutu ni jambo jingine. Paipu hizi hushikwa na klipu za plastiki chini ya sakafu, na kila klipu hukusanya matope yenye chumvi yasiyokauka. Magari mengine yametoka kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo yalishaanza kuliwa kabla hayajapanda meli. Inapotoboka kwenye klipu moja, klipu nyingine zimepitia maisha yaleyale.

Marekani walilijadili hili kwa miaka. Mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, ilichunguza paipu za breki zilizoliwa na kutu kwenye magari ya General Motors ya mwaka 1999 hadi 2003, karibu milioni 5. Mwaka 2015 ilifunga uchunguzi bila kuamuru yarudishwe kiwandani. Nadhani wamiliki walikuwa na haki ya kukasirika, lakini ushauri waliopewa ulikuwa wa kifundi: ukiona chuma cha paipu kinabanduka magamba, badilisha seti nzima.

Kuna jambo moja ambalo fundi wa pili alitaka kunikosea. Alitaka kutumia shaba nyekundu ya friji, kwa sababu inapindika kwa mkono na haili kutu. Ni kweli, lakini shaba tupu inachoka kwa mtikisiko, inakuwa ngumu na kupasuka, na paipu ya friji haikutengenezwa kwa presha ya breki. Kinachofaa ni chuma kilekile cha asili, au mchanganyiko wa shaba na nikeli, takriban asilimia 90 kwa 10, ambao hauli kutu kirahisi na bado unapindika. Tulizunguka maduka matatu kuutafuta.

Nilitoa yote, pande zote mbili. Nati ya nyuma kushoto ilikatika kama fundi wa kwanza alivyosema ingekatika, ikaondoka na silinda. Wakati wa kutoa upepo ulioingia kwenye paipu niliweka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni, maana kwenye gari la zamani pistoni ya masta silinda, ile silinda kuu inayosukumwa na pedali, ikisukumwa mpaka mwisho hupita sehemu isiyoigusa kwa miaka, na raba zake huchanika kwenye uchafu wa huko. Kisha tukazungushia karatasi ya chooni kwenye kila jointi, injini ikiwaka, nikakanyaga kwa nguvu zote kwa dakika nzima. Zote zilibaki kavu.

Paipu ya zamani ilikuwa imetupwa pembeni ya ukuta. Niliiokota nikaipinda kwa mikono, bila nguvu nyingi. Ilikatika mahali pawili, na hapakuwa pale palipokuwa panavuja.