Dawa za moyo zishuke hadi visiwani

Mama mdogo amelazwa tena; moyo wake umechoka, hausukumi damu vizuri. Miguu imevimba, usiku analala amekaa, akijinyoosha tu pumzi zinambana. Kilichoniuma zaidi ni maneno ya wanaokuja kumjulia hali: eti hajitunzi. Mama wa watu hakuacha dawa kwa uzembe. Ziliisha, akaambiwa zahanati haina, azifuate Mwanza.

Anayekijua kisiwa chetu cha Ukara, Ziwa Victoria, anajua maana yake. Kivuko hadi Bugolora kwenye kisiwa cha Ukerewe, gari hadi Nansio, kisha meli hadi Mwanza. Ongeza nauli ya kurudi, pa kulala, na mtu wa kumshika mkono, maana hatua kumi tu anahema. Yote hayo kwa vidonge vya kutoa maji mwilini, furosemaidi, dawa ya miaka mingi na ya bei ndogo.

Mbona ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zinafika? Mgonjwa wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, aliyetulia anapewa dawa za miezi mitatu, hata sita. Ana kadi, ana tarehe, na asipotokea anatafutwa. Hakuna anayemwambia avuke ziwa kila mwezi kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Moyo ukishachoka nao ni ugonjwa wa maisha, na ufuatiliaji wake hauhitaji ghorofa. Unahitaji mizani, mashine ya presha, daftari, na muuguzi anayejua kwamba kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku chache, hayo ni maji yanarudi. Arekebishe dozi mapema kabla mtu hajazama kitandani.

Haya, nakubali kwamba kipimo cha kwanza cha moyo na vipimo vya figo si kazi ya zahanati. Vibaki hospitali. Lakini Rwanda, hapo ng'ambo ya Kagera, wauguzi wa hospitali za wilaya wamefundishwa hata kupima moyo kwa ultrasaundi. Na mwaka 2022, pale Lomé, Togo, mawaziri wa afya wa Afrika walipitisha mpango wa PEN-Plus wa kupeleka huduma za namna hiyo wilayani.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ni fahari yetu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo naiunga mkono, ila bima hailipi meli.

Madiwani wetu wa Ukerewe, nawaomba: halmashauri ikiagiza dawa Bohari ya Dawa, za moyo ziwemo, na mgao wa visiwani uandikwe kwa jina la kila kisiwa.