Mjomba na Maduka ya Darajani

Mjomba wangu ni fundi cherehani wa Unguja, na alipokuja London kututembelea hakutaka kuonyeshwa kasri wala makumbusho, bali Daraja la London lenye maduka, ambalo aliliona katika picha ya zamani, kwa kuwa alisikia kwamba sindano nzuri ziliuzwa humo. Habari hiyo haikuwa uzushi. Daraja la mawe lililoanza kujengwa mwaka 1176 na kukamilika mwaka 1209 lilibeba nyumba na maduka kwa mamia ya miaka, na mafundi wa sindano walikuwa miongoni mwa wapangaji wake. Kasoro ilikuwa moja tu: nyumba hizo zilianza kubomolewa mwaka 1758, na daraja lenyewe likafuata baada ya jipya kufunguliwa mwaka 1831.

Nilimweleza hayo mara kadhaa, lakini Mjomba haamini mpaka aone. Alisimama katikati ya daraja la sasa, upepo ukiipeperusha kanzu yake, akayatazama magari na kingo tupu, kisha akatoa hukumu: "Kwetu sokoni Darajani maduka tele, daraja halipo, hawa wana daraja, maduka hawana."

Ili safari isiende bure, nilimpeleka katika kanisa la St Magnus the Martyr lililo jirani, ambako mfano wa daraja hilo la kale umehifadhiwa ndani ya kioo, pamoja na nyumba zilizosongamana juu ya matao, kanisa dogo la Mtakatifu Thomas Becket na vijitu zaidi ya 900 vikipita njiani. Nikamweleza pia kwamba vichwa vya wahaini vilitundikwa kwenye lango la daraja, kikiwemo cha William Wallace mwaka 1305.

"Na wateja walikuja?" akauliza.

Nikamnong'oneza kwamba kati ya vijitu hivyo amefichwa askari wa zama zetu. Mjomba akapandisha miwani kwenye kofia, akabandika pua kwenye kioo, akaanza kupekua duka baada ya duka, huku waumini wachache wakisali kwa utulivu nyuma yetu. Ghafla akapiga ukelele uliotikisa dari: "Polisi! Polisi!"

Mama mmoja alikumbatia mkoba wake, na mzee wa kanisa akatujia mbio akiuliza ni kitu gani kilichoibiwa. Nilipomfasiria Mjomba swali hilo, alijibu bila kuondoa kidole kwenye kioo: "Mwambie, daraja zima na maduka yake."

Mzee yule akavuta pumzi, akatueleza kwa upole kwamba hata daraja lililofuata liliuzwa mwaka 1968 kwa Mmarekani, Robert McCulloch, akalijenga upya Arizona.

Mjomba akashusha miwani. "Muulize, mwanangu, nauli ya huko ni kiasi gani."