White Sox wa 1906: ubingwa wa kubahatisha au jina lililowaonea?

Katika fainali ya besiboli ya Oktoba 1906, timu zote mbili zilitoka jiji moja, Chicago. Upande mmoja walikuwa Cubs, mabingwa wa Ligi ya Taifa, walioshinda mechi 116 na kupoteza 36. Asilimia hiyo ya ushindi, 76.3, haijafikiwa tena katika ligi kuu hizo mbili. Upande wa pili walikuwa White Sox, mabingwa wa Ligi ya Amerika, waliokuwa wa mwisho kati ya timu 8 za ligi yao kwa kupiga: wastani wa 0.230, yaani mapigo salama (yanayomfikisha mpigaji kwenye besi) 23 katika kila majaribio 100. Sox wakatwaa ubingwa kwa mechi 4 dhidi ya 2, na jina walilobandikwa, "Maajabu Wasiopiga", limewaganda hadi leo.

Jina hilo ni nusu ya ukweli. Timu iliyoshika mkia kwa wastani wa kupiga ilikuwa ya tatu kwa mikimbio, yaani alama zinazopatikana mchezaji akizunguka besi zote hadi nyumbani, maana ilifunga 570. Wastani huhesabu mapigo salama tu. Haumjali mpigaji aliyevumilia mipira minne mibovu akapewa besi ya kwanza bure, wala aliyekubali kutolewa yeye ili mwenzake asogee. Katika mambo yote mawili Sox waliongoza ligi. Besi za bure peke yake walipata 453.

Mkimbio wao ulipikwa hivi. Wa kwanza anapata besi ya bure. Wa pili hapigi kwa nguvu. Anageukia mrushaji, anashika gongo kwa mikono iliyoachana na kuugusa tu mpira udondoke hatua chache mbele yake. Yeye anatolewa, mwenzake anafika besi ya pili. Kuanzia hapo pigo moja dogo linamleta nyumbani, au hata kosa la mdakaji, na makosa yalikuwa mengi kwa sababu glavu za wakati ule zilikuwa ndogo na viwanja vilikuwa na mashimo. Hatari ipo pia: mpira ukipaa kidogo badala ya kudondoka, unadakwa hewani, mkimbiaji aliyekwisha kuondoka anakutwa katikati, na timu inapoteza watu wawili kwa mpigo mmoja. Kila awamu, yaani zamu ya timu kupiga, ina nafasi tatu tu za kutolewa. Wachambuzi wa leo wanaona mbinu hii ni ghali kuliko faida yake, na kwa besiboli ya leo yenye homurani nyingi wana haki. Lakini Sox hawakufikisha homurani 10 msimu mzima. Kumsubiri mtu aupige mpira nje ya uwanja ilikuwa sawa na kusubiri mvua ya kiangazi.

Nguvu yao hasa ilikuwa kwa warushaji. Frank Owen alishinda mechi 22, Nick Altrock 20, Doc White 18, Ed Walsh 17. Kati ya hizo za Walsh, 10 alizimaliza bila mpinzani kupata mkimbio hata mmoja. Silaha yake ilikuwa mpira wa mate, uliokuwa halali wakati huo: analowesha sehemu ndogo ya ngozi ya mpira, vidole vinateleza wakati wa kuuachia, mpira unatoka karibu bila kuzunguka na kuzama ghafla mbele ya mpigaji. Ukiwa na warushaji kama hao, mikimbio miwili au mitatu ni mtaji wa kutosha.

Wanaosema ilikuwa bahati nao wana hoja nzito, na mara nyingi wenyewe wanaikosa kwa kukimbilia fainali. Ipo ndani ya ligi. Cleveland walipiga vizuri kuliko wote, walifunga mikimbio 663, na hata kwa urushaji waliwapita Sox kidogo: bila kuhesabu mikimbio iliyotokana na makosa ya wadakaji, waliruhusu wastani wa 2.09 kwa mechi, Sox 2.13. Ukitoa mikimbio waliyofungwa kwenye waliyofunga, Cleveland wanabaki na ziada ya takriban 180, Sox 110. Hata hivyo Cleveland walimaliza wa tatu, mechi 5 nyuma ya bingwa. Kilichowabeba Sox ni Agosti. Walianza mwezi wakiwa nafasi ya nne, wakashinda mechi 19 mfululizo. Mbinu ya mkimbio mmoja mmoja inasaidia kwenye mechi za kubanana, hilo nakubali, ila haielezi pengo lote hilo. Kwa takwimu, timu bora ya Ligi ya Amerika mwaka ule ilikuwa Cleveland.

Kuhusu fainali, tusiitie chumvi miujiza. Hata tukikubali kwamba Cubs walikuwa na nafasi 60 kwa 100 ya kushinda kila mechi, katika mfululizo wa kutafuta ushindi wa nne wangeshindwa karibu mara 3 katika kila 10. Mechi nne za kwanza Sox walipata mapigo salama 11 tu, na bado matokeo yalikuwa 2–2. Mojawapo ya mapigo hayo lilikuwa la George Rohe, mchezaji wa akiba aliyepata namba kwa sababu George Davis alikuwa mgonjwa: besi zote zikiwa na watu, alipiga pigo la besi tatu, na mechi ya tatu ikaisha 3–0. Mechi mbili za mwisho wakapiga mapigo 26 na kufunga 8 kila mara. Katika ya tano Frank Isbell peke yake alipiga mapigo manne ya besi mbili.

Utetezi wa mashabiki wa Cubs ni kwamba mrushaji wao mkuu, Mordecai Brown, alichoka. Ni kweli alirusha mechi nzima tarehe 9, nyingine tarehe 12, akarudishwa tarehe 14 baada ya kupumzika siku moja tu, na kabla awamu ya pili haijaisha alikuwa ameruhusu mikimbio 7. Ila uchovu haukuwa wa upande mmoja. Doc White aliingia kumalizia mechi ya tano tarehe 13, na kesho yake akarusha awamu zote tisa za mechi ya sita. Tena Frank Chance, kocha mchezaji wa Cubs, hakulazimika kumrudisha Brown. Carl Lundgren, aliyeshinda 17 na kupoteza 6 msimu ule, alikaa benchi fainali nzima bila kurusha mpira hata mmoja.