Nani Kala Uniti?

Usiku wa kuamkia leo nimelala sakafuni. Kitandani niliwaachia mama watoto na wanangu wawili, lakini kufika saa nane na wao wakanifuata huko huko chini. Tukajipanga kwenye simenti kama samaki wa Feri, kila mtu anatafuta kipande ambacho mwenzake hajakipasha. Na sakafu nayo ina mwisho wake. Dakika kumi tu pale ulipolala pameshakuwa pa moto, unajiviringisha, unahamia pengine, unakuta guu la mtoto, unarudi. Kulipokucha nilikuwa nimezunguka chumba kizima na kuishia mlangoni, pua nimeiegesha kwenye mwanya wa chini ya mlango, navuta kahewa ka koridoni ambako nako kalikuwa kananuka viatu.

Hii ni Mbagala, mwezi wa pili. Shemeji yangu wa Dodoma akiambiwa Dar leo ni digrii 33 anacheka, anasema hata kwao jua linawaka. Shemeji, nani kakwambia habari ya jua? Sisi shida yetu ni fukuto. Jasho kazi yake ni kukauka, likikauka linaondoka na joto la mwili. Hewa ya Dar imeshashiba maji ya bahari, haina pa kuliweka jasho lako, kwa hiyo unabaki nalo mwenyewe. Unaoga, unatoka bafuni, unajifuta, unajifuta tena, baadaye ndiyo unagundua maji yalishakwisha zamani, sasa unafuta jasho jipya. Upepo wenyewe ni kaskazi, umekuja na joto lake kutoka huko utokako. Na bado. Mwanzoni mwa Machi jua litapita juu ya utosi wetu kabisa, saa sita na nusu mchana ukisimama barabarani hata kivuli chako kinajificha chini ya miguu yako. Na mimi ningekuwa kivuli ningefanya hivyo hivyo.

Halafu kuna bati. Mwenye nyumba wetu aliezeka bati tupu, habari ya singibodi akasema "hiyo awamu ya pili." Mwaka wa sita huu tunaisubiri awamu ya pili. Mchana bati linakunywa jua, usiku linakutapikia wewe. Saa tano usiku nje kumeshapoa, watu wamekaa barazani wanapiga soga, ukiingia ndani unajisikia kama andazi.

Nilijaribu njia zote. Nimeloweka shuka kwenye ndoo nikajifunika mbichi: nusu saa limekuwa shuka la moto lenye maji. Nimehamia benki. Ndiyo, benki, kuna tawi moja lina kiyoyozi kinachofanya kazi kweli kweli. Nikawa naingia saa saba mchana, nachukua namba, nakaa. Namba yangu ikikaribia namwachia mama mmoja mwenye mtoto, nachukua nyingine. Wakaniona muungwana. Siku ya nne mlinzi akaja akainama sikioni, kwa adabu zote: "Mzee wangu, leo unaweka au unatoa?" Nikamwambia bado natafakari. Akasema, "Ukatafakarie nje, kuna benchi." Benchi lenyewe liko ukutani, chini ya ile mashine ya kiyoyozi inayotupa nje joto lote inalolitoa ndani. Pale ndipo nilipoelewa hivi vitu vinavyofanya kazi. Joto haliishi, linahamishwa tu kutoka kwa mwenye akaunti kwenda kwa asiye nayo.

Basi nikanunua feni. Na vita ikaanza.

Nyumba yetu ina vyumba saba na mita moja ya luku, ule umeme wa kununua kwanza ndipo utumie. Aliyewahi kupanga hahitaji maelezo zaidi, lakini wacha niseme. Mtu mwenye mita yake, asipozidisha uniti 75 kwa mwezi, uniti moja anauziwa shilingi 100 kabla ya makato. Kila chumba chetu kikipimwa peke yake, hakuna anayefika huko. Ila vyumba saba kwenye mita moja, hizo 75 tunazimaliza mapema tu, tumetupwa kwenye kundi la shilingi 292 kwa uniti, pamoja na wenye viyoyozi vyao. Yaani ukituangalia kupitia ile mita unaona tajiri mmoja anaishi Mbagala. Kumbe tajiri huyo ni watu ishirini na sita na choo kimoja. Halafu kwenye umeme huo huo inakatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kila mwezi. Jengo la nani? Mwenye nyumba ukimgusia hilo anaanza kuongelea bei ya saruji.

Jumamosi iliyopita umeme wa elfu ishirini, uliozoea kutufikisha wiki na zaidi, ukakata siku ya nne. Mita ikaanza kulia ti-ti-ti saa mbili usiku, ukaitwa mkutano wa dharura uani. Ticha wa chumba cha tatu, ambaye ndiye katibu wa luku, akaja na daftari lake. Swali moja tu: nani kala uniti?

Macho yote kwangu. Eti kwa sababu mimi ndiye mwenye kitu kipya.

Nikasimama. Nikasema ndugu zangu, uniti moja ni wati elfu moja kwa saa moja. Feni yangu imeandikwa nyuma wati 50, kamata hesabu, inazunguka masaa ishirini ndipo imalize uniti. Pasi ya ticha imeandikwa wati 1,200. Kila asubuhi ticha ananyoosha shati, suruali, na Jumatatu hata soksi, nimemwona kwa macho yangu. Haifiki saa moja uniti imekwenda. Nusu saa ya pasi ni feni usiku mzima! Watu wakaguna. Nilijisikia kama wakili.

Ticha alipoona pasi imetajwa akahamia dunia nzima. Akavua miwani, akasema jamani, tusilaumiane, hili ni suala la tabianchi. Mwaka 2024 ndio umekuwa wa joto kuliko yote tangu dunia ianze kupimwa, wenye viwanda wamechoma makaa na mafuta miaka mia mbili, hewa ukaa imetanda juu kama blanketi, na sisi Afrika nzima mchango wetu haufiki asilimia nne. Mama barafu wa chumba cha pili, ambaye alikuwa kimya akiomba friza lake lisitajwe, akadakia: "Hiyo nne ndiyo friza langu?" Ticha akasema hapana mama, hata robo ya chembe si lako. "Basi kama simo," mama akasema, "andika chumba cha pili hakidaiwi, tuendelee na wengine."

Friza lenyewe, tuseme ukweli, ndilo linalotuweka hai. Barafu za ukwaju za mia mbili mbili, na maji baridi ya chupa. Ukimzuia mama barafu umeokoa uniti na umeua mtaa. Lakini kinaniuma kwamba nyuma ya friza panatoka hewa ya moto, na nyuma ya friza ndiyo ukuta wangu. Nilipolisema hilo akaniambia, "Baba, si una feni?"

Dogo wa bodaboda, ambaye hana kitu cha umeme isipokuwa chaja, akawa na hasira kuliko wote. Yeye hoja yake ni bwawa. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Tangu mashine ya kwanza ilipowashwa Februari 2024, yale mambo ya mgao tukaanza kuyasahau. Sasa umeme upo mwingi, kwa nini uniti haishuki bei? Kitu kikiwa kingi kinashuka, akasema, angalia nyanya. Tukaangaliana. Hakuna aliyekuwa na jibu la nyanya.

Mzee wa chumba cha mbele akakohoa. Mzee huyu ni Mrufiji, na tangu bwawa lijae anajibeba kama mtu aliyelipwa mirathi. Akasema kwanza ieleweke huo umeme unatoka kwao, kwa hiyo yeye kuchangishwa luku ni sawa na kuuziwa mbuzi wako mwenyewe. Pili, akasema, bwawa ni maji, maji ni mvua, mvua ikigoma mashine zako tisa utaanikia nguo. Dogo akasema basi gesi ya Mtwara ipo, bomba limefika mpaka Kinyerezi. Ticha akasema gesi nayo ni ya kuchoma tu, afadhali jua, jua hili hili linalotuua lingetufanyia kazi juu ya bati. Mama barafu akauliza hiyo sola itabeba friza usiku? Ticha akasema ukiwa na betri. Betri shilingi ngapi? Ticha akavaa miwani.

Hapo mjadala ukapanda gari lisilo na breki. Dogo akasema dada yake yuko Maskati, huko joto linapita digrii 40 na serikali imekataza watu kufanya kazi juani kuanzia Juni hadi Agosti, saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana, na huku nasi tuwekewe. Nikamuuliza wewe umejiajiri, nani akukataze? Akafikiri. Akasema, "Basi nijikataze, lakini nilipwe."

Mama watoto wangu alikuwa pembeni anapepea jiko la mkaa. Mzee akamwona. Akasema serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na nyinyi mnapuliza moshi uani. Mama watoto, kwa upole wote, akamjibu mtungi wa gesi anao, uko chini ya kitanda, tena mzuri wa kilo sita, umekaa tangu sikukuu ya mwaka juzi unasubiri mtu wa kuujaza, na mtu mwenyewe kanunua feni. Kicheko. Mimi nikacheka pia, nifanyeje.

"Mkaa ni miti," mzee akaendelea, sasa kanigeukia mimi kabisa. "Na joto la uani hapa mnatafuta mchawi wa nini? Si lile shina pale?"

Kimya.

Shina analosema ni la mwembe. Ulikuwepo mwembe hapa uani, mkubwa, kivuli chake kilifunika vyumba vinne na nusu ya bati langu. Mwaka jana mwezi wa sita, mwenye nyumba akasema anaukata ajenge fremu mbili za biashara. Mwezi wa sita, kumbukeni, ni kipupwe, mtu unalala na blanketi Dar es Salaam. Hakuna aliyepinga. Ticha alisema majani yanajaza uchafu. Mama barafu akasema nyani wa mtaa, yaani watoto wetu, wanapanda wataanguka. Mimi nilisema maembe yanadondoka juu ya bati usiku, paa, mtu unashtuka usingizini. Yaani mimi, kwa mdomo wangu, nilisema mwembe unaninyima usingizi.

"Kamba ya kuvutia," mzee akauliza, taratibu, kama hakimu, "alishika nani?"

Niliishika mimi. Na magunia mawili ya mkaa tukagawana. Fremu zenyewe, moja ni wakala wa kutuma pesa, nyingine imefungwa kufuli tangu ijengwe, ndani mna baiskeli ya mwenye nyumba.

Mkutano ukaisha hivyo, kila mtu akatoa elfu tatu, ticha akaingiza zile namba ishirini, mita ikanyamaza. Pasi ikaponea. Friza likaponea. Feni ikapangiwa elfu moja ya ziada kwa mwezi, na hakuna aliyenitetea, hata mama watoto.

Jumapili nikatoka bila kumwambia mtu, nikanunua mche wa mwembe wa kubebeshwa pale barabarani, elfu tatu baada ya kulia sana. Nimerudi nao najiona mtu mwema. Nikatafuta pa kuupanda. Uani kote ni zege. Nikampigia mwenye nyumba nikamwomba nipasue kidogo tu pembeni ya lile shina, akaniambia zege lile limemgharimu, nikipasua nihame nalo. Nikaupanda kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini. Nikauweka uani. Saa nane mchana zege linawaka, majani yamelala kama masikio ya mbuzi. Nikauingiza ndani. Ndani nako mnajua hali ilivyo.

Usiku mama watoto akaamka, akapapasa gizani, akauliza mbona hewa haimfikii, feni kageuziwa nani? Nikajifanya nimelala. Akawasha taa ya simu. Akaona. Hakusema kitu, akashuka sakafuni na mto wake, akanipa mgongo.

Leo asubuhi ticha kapita na daftari, kachungulia ndani, kaandika. Chumba cha tano: watu wanne, feni moja, mti mmoja. Nimemwomba mti auhesabu nusu, kama mtoto mchanga. Mama barafu akapaza sauti kutoka kwake kwamba hakubali, mtoto mchanga gani anaelekezewa feni peke yake usiku kucha.