Ukihama Shule ya Umma, Usihame na Fedha Yake

Mimi ni Mkristo na wanangu husali kabla ya kula. Natanguliza hilo ili mtu asidhani nina ugomvi na imani.

Mwaka juzi rafiki zetu wa kanisani, hapa Marekani tunakoishi, walitushawishi tuwahamishie watoto kwenye shule yao ya Kiprotestanti, ya wale wanaoshika kila neno la Biblia lilivyoandikwa. Tulikwenda kuitazama. Kila mtoto alikuwa kwenye kimeza chake kilichozibwa kwa mbao kulia na kushoto, kaelekea ukutani, anajaza kijitabu peke yake. Akikwama, anasimamisha kibendera na kungoja mtu mzima apite. Mfumo huo ulianzia Texas mwaka 1970, na hata Kenya umefika. Binti yangu akaninong'oneza: "Mama, wanaongea saa ngapi?"

Shule hizi ziliongezeka sana miaka ya 1960 na 1970. Wenyewe husema ni kwa sababu Mahakama ya Juu, mwaka 1962 na 1963, ilizuia shule za umma kuongoza sala. Ni kweli, ila kuna jingine. Mwaka 1954 mahakama hiyohiyo ilipiga marufuku kuwatenga watoto weusi katika shule za umma, na Wazungu wengi wa majimbo ya Kusini walikimbilia shule binafsi, za kidini na zisizo za kidini. Huko Prince Edward, Virginia, wakubwa wa kaunti walifunga shule zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964. Watoto wa Kizungu walifunguliwa shule binafsi, na mwaka wa pili sehemu kubwa ya karo ikatoka kwenye ruzuku za jimbo na kaunti. Weusi wengi walikaa nyumbani. Nikisoma habari hiyo nawaona wanangu.

Mzazi akilipia imani yake mfukoni mwake, sina neno. Lakini mwaka 2022 Arizona iliruhusu kila mtoto kwenda shule binafsi, ya dini ikiwemo, kwa fedha za jimbo. Mtoto akihama, fungu lake linamfuata, ilhali basi la shule ya umma aliyoiacha bado linahitaji mafuta, na mwalimu wa watoto wenye ulemavu bado anadai mshahara. Tena shule binafsi inaweza kumkataa mtoto huyohuyo mlemavu. Ya umma lazima impokee.

Wanangu hatukuwahamisha. Alhamisi kuna kikao cha bajeti ya shule yao. Nitakwenda, na wale rafiki zetu nimewaomba twende pamoja.