"Mbona Umepungua Hivyo?"

Mjini Moshi ukikutana na mtu mliyepoteana miaka miwili, baada ya shikamoo anakagua uso wako: "Mbona umepungua hivyo?" Hana ubaya. Ila aliyeishi miaka ile UKIMWI ukipiga hodi nyumba kwa nyumba anasikia kilichofichwa humo: huyu kakanyaga miwaya. Ndiyo maana siungani moja kwa moja na wanaosema sindano za kujaza mashavu ni mchezo wa wenye hela.

Hoja yao naielewa. Umri ukienda, mafuta ya usoni hupungua na kushuka, na mfupa wa taya la juu nao hulika. Bibi zetu wa Marangu wamezeeka hivyo na heshima yao haikupungua. Tena jeli ya asidi ya hayaluroniki, ile inayojazwa kwa sindano hizo, hufyonzwa na mwili. Mwaka mmoja au miwili tu, unarudi na pochi.

Lakini yapo mashavu yaliyoondoka si kwa sababu ya umri. ARV zilipoanza kugawiwa kwa wingi nchini, mwaka 2004, mchanganyiko uliotumika sana ulikuwa na stavudini. Iliokoa watu, hilo halina ubishi. Ila ilikula mafuta ya usoni. Mtu kapona, kilo zimerudi, anapalilia migomba yake, lakini mashavu ni mashimo. Uso unamtangaza kabla hajafungua mdomo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 dawa hiyo iachwe, na waliobadilishiwa hawakurudishiwa mafuta yote. Mwaka huohuo wa 2004 Marekani iliidhinisha Sculptra, sindano ya asidi ya polilaktiki (jamaa ya nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe), kwa ajili ya nyuso za watu wenye VVU. Wasaka urembo waliidhinishiwa baadaye.

Hatari ipo. Dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi yaweza kufa, na mara chache mtu hupofuka. Kwa jeli ya hayaluroniki kipo kimeng'enya cha kuiyeyusha haraka, kwa polilaktiki hakipo.

Kwa hiyo nikisikia mama fulani kachomwa sindano hizo saluni, yeye simlaumu. Nauliza kama aliyemchoma alikuwa na kimeng'enya hicho kabatini, na kwa nini hakuelekezwa KCMC, hospitali ya rufaa hapahapa Moshi, penye kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, safari ya bodaboda moja tu.